Mwaka 1984 na Nyimbo Zake: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kupiga zilipendwa za Kizungu kwenye harusi, mahafali na shughuli nyingine hapa Tanga. Kila nikianza kufunga vyombo hakosi mtu wa kunifuata, mara nyingi kijana aliyezaliwa kanda zikiwa zimeshakufa: "Mzee, mbona leo umetupigia 1984 tupu?" Hazikuwa tupu, ila zilikuwa nyingi, nakiri. Kujibu huku nimebeba spika begani kumenichosha, kwa hiyo majibu yangu ni haya.

Kwa nini 1984 na si mwaka mwingine?

Tazama kalenda. Mei ilitoka albamu ya Tina Turner iliyomrudisha duniani. Tarehe 4 Juni ikatoka ya Bruce Springsteen, na wiki tatu baadaye, tarehe 25, ikatoka "Purple Rain" ya Prince. Julai akaingia Sade na albamu yake ya kwanza kabisa. Novemba, Madonna. Hapo sijawagusa Wham!, Cyndi Lauper, Lionel Richie, Stevie Wonder, Chaka Khan wala Queen. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka ule zizi lilikuwa na mafahali kumi na wote walikuwa wakinguruma.

Kingine kinachonishangaza hadi leo: Marekani, mwaka mzima, ni albamu tano tu zilizoshika namba moja kwenye chati kuu ya Billboard. "Thriller" ya Michael Jackson, nyimbo za filamu ya "Footloose", "Sports" ya Huey Lewis and the News, "Born in the U.S.A." ya Springsteen, na "Purple Rain". Basi. Leo namba moja inabadilika karibu kila wiki kama bei ya nyanya. Wakati ule albamu ikikaa, imekaa. Ya Prince ilikaa wiki 24 mfululizo, kuanzia Agosti hadi Januari.

Sababu zilikuwepo. Kituo cha MTV, televisheni ya kuonesha video za nyimbo, kilianza tarehe 1 Agosti 1981, na mwanzoni wasanii weusi walipata nafasi finyu mno. Mwaka 1983 Michael Jackson aliupiga teke mlango huo, na 1984 wengine wakapita ukiwa wazi. Halafu vyombo: kinanda cha Yamaha DX7 kiliingia sokoni 1983, na zile ngoma za mashine zilikuwa zimeshaenea studio zote kubwa. Ndiyo maana ukisikia kinanda kile chenye sauti ya kioo na ngoma inayolia kama mlango wa bati, unajua ni miaka gani kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Wapo wanaoapa kwa 1971, na wapo wa 1991. Siwapingi. Mimi mwaka 1984 nilikuwa na miaka 12, na mtu wa miaka 12 hachagui nyimbo, nyimbo ndizo zinazomchagua yeye.

Nyimbo hizo zilifikaje Tanga?

Kwa basi.

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa Novemba 1983. Kwa watu wa mikoa mingine huenda hiyo ilikuwa habari ya siasa tu. Sisi wa Tanga tuliijua kwa vitu vilivyoanza kupita mpakani Horohoro: sabuni ya kuogea, dawa ya meno, na kanda. Kaka yangu mkubwa alikuwa utingo, akienda Mombasa mara mbili au tatu kwa mwezi. Huko palikuwa na kibanda cha kurekodi: unapewa daftari lenye orodha ya nyimbo, unachagua, unalipia, gari likigeuza unachukua kanda yako. Majina yaliandikwa kwa kalamu ya wino jinsi yalivyosikika. Nimekua nikijua kuna mwimbaji anaitwa Tina Tana na mwingine Laino Richi. Na aliyerekodi hakujali sana mwisho wa wimbo uko wapi. Kanda ya dakika 60 ikifika mwisho upande mmoja, imefika, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Redio kaseti ilikuwa ya mjomba. Hii ina historia yake. Mwaka 1983 ulipopita msako wa wahujumu uchumi, watu waliogopa kuonekana na chochote kipya, hata feni. Mjomba hakuwa mhujumu wa kitu chochote, alikuwa karani wa bandarini, lakini risiti ya redio ile hakuwa nayo. Akaifunga kwenye kanga, akaifukia kwenye pipa la mchele. Ilikaa humo miezi. Ilipofufuliwa, punje zilikuwa zimeingia ndani mahali ambapo hakuna bisibisi iliyofika, na tangu siku hiyo kila ukiisogeza ilikuwa inalia kama kayamba. Kwa hiyo nyimbo zote za 1984, Ngamiani kwetu, zilikuwa na kayamba. Kwenye kanda halisi nilipozisikia ukubwani niliona kama zimepunguzwa kitu.

Kanda tupu zilikuwa adimu, basi tulirekodi juu ya kanda nyingine. Ukinunua kanda iliyokwisha kurekodiwa, juu ina vitundu viwili. Unaviziba kwa karatasi iliyotafunwa, mashine inadanganyika na kukubali kuandika upya. Dada alikuwa na kanda ya kujifunzia Kiingereza, tukaiua kwa njia hiyo. Haikufa yote. Kati ya wimbo na wimbo aliibuka mwalimu wa Kiingereza akitutaka turudie sentensi baada yake. Tulirudia, kwa adabu, halafu anaingia Madonna.

Redio yenyewe ilisaidia kiasi. RTD, redio ya taifa, ilitoa kipaumbele kwa bendi za nyumbani, lakini usiku sauti za Kenya zilikamatika vizuri pwani yetu. Hata hivyo ukitaka kuusikia wimbo mara ya pili ulihitaji kanda. Ndiyo maana nasema 1984 kwetu haukuisha Desemba. Mwaka ule ulianza kufika taratibu, na nadhani ulimalizika kufika kwenye 1986 hivi.

Mliona video zake?

Hapana. Hili vijana hawaliamini. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Mwaka 1984 ndio dunia ilipoambiwa kwamba macho yameyashinda masikio, na sisi tulikuwa na masikio peke yake.

Kwa hiyo nilizijua nyimbo kabla ya kuwajua watu. Sikujua Tina Turner ana nywele za namna gani. Sade nilidhani ni jina la mwanamke tu, kumbe ni jina la bendi nzima pia. Ule mtindo wa Michael wa kutembea kinyumenyume nilioneshwa na kijana wa mtaa wa pili aliyewahi kuuona Mombasa kwenye deki. Alivua viatu, akavaa soksi, akajaribu kwenye sakafu ya saruji ya baraza lao. Alifika hatua tatu akadondokea kinu cha bibi yake. Nilipouona wenyewe miaka mingi baadaye, nilisikitika kidogo kwamba hakuna kinu.

Mbona Michael Jackson hakutoa albamu yake 1984, na bado mnasema ulikuwa mwaka wake?

Kwa sababu alikuwa anavuna. "Thriller" ilitoka mwishoni mwa Novemba 1982. Tarehe 28 Februari 1984 akabeba tuzo 8 za Grammy usiku mmoja, mwezi mmoja tu baada ya nywele zake kushika moto akirekodi tangazo la Pepsi kule Los Angeles. Kuanzia Julai hadi Desemba akazunguka na kaka zake kwenye ziara ya "Victory". Hiyo ndiyo yote. Mwaka wa kutamba bila kutoa kitu kipya chako mwenyewe, jaribu wewe.

Kati yake na Prince, nani mkali?

Swali hili limevunja urafiki wa watu. Mimi ni wa Prince, na sababu yangu ni "When Doves Cry".

Wimbo ule alikuwa ameukamilisha, ala zote kapiga mwenyewe, halafu akatoa besi. Akaifuta. Wimbo wa kuchezwa usio na besi ni sawa na pilau isiyo na bizari: kila mpishi atakuambia haiwezekani. Ukakaa namba moja Marekani wiki tano, na Billboard ikauweka kuwa wimbo namba moja wa mwaka mzima.

Sasa niwaambie nilichokigundua. Redio ya mjomba ilikuwa na spika mbili ndogo, za ukubwa wa kisosi. Besi haikuwa ikisikika kwenye wimbo wowote. Ya Michael ilipotea, ya Chaka Khan ilipotea, zote zilifika kwetu zikiwa zimekonda. Wimbo wa Prince peke yake haukupoteza kitu, kwa sababu hakukuwa na cha kupoteza. Mtoto wa Ngamiani mwenye kibovu cha redio na tajiri wa Beverly Hills mwenye spika za kimo chake walisikia kitu kimoja. Siwezi kusema Prince alitukusudia sisi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na "Purple Rain" yenyewe, ule wimbo wenye jina la albamu: msingi wake ulirekodiwa moja kwa moja jukwaani, kwenye ukumbi wa First Avenue mjini Minneapolis, tarehe 3 Agosti 1983, katika onyesho la kuchangia kikundi cha dansi. Watu waliokuwa ukumbini usiku ule walikuwa wanausikia kwa mara ya kwanza. Kwenye albamu una dakika 8 na sekunde 41. Kwenye kanda yetu ulikuwa na kama sita, halafu "tak", kitufe kinaruka, upande umekwisha. Nilijua ndivyo unavyoisha. Niliona ni umaliziaji wa kishujaa sana.

Ni kweli Tina Turner alikuwa bibi tayari?

Alikuwa na miaka 44, mwanangu. Huo si ubibi. Lakini kwa soko la pop la wakati ule ilikuwa ni kama mchezaji wa mpira kusajiliwa akiwa na miaka 44. Alizaliwa 1939, akaimba miaka mingi na mumewe Ike, akamkimbia kwa kipigo, talaka ikapita 1978, na baada ya hapo alikuwa mtu wa kuimba mahotelini na kwenye vilabu ili alipe madeni. Septemba 1984 "What's Love Got to Do with It" ukashika namba moja kwa wiki tatu, na mwaka uliofuata ukampa Grammy ya rekodi bora ya mwaka.

Wanawake ndio wanaoniomba wimbo huu, tena wale wa umri wangu. Hawauchezi kwa vurugu. Wanasimama, wanaweka mkono kiunoni, wanauimba wote. Kuna kitu wanaambiana pale ambacho mpiga disko hakimhusu.

Freddie Mercury ni Mzanzibari?

Mwimbaji huyo wa Queen alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi. Sehemu kubwa ya shule aliisomea India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wakahamia Uingereza. Kwa hiyo ndiyo, ingawa yeye mwenyewe hakulizungumza sana.

Mwaka 1984 Queen walianza na "Radio Ga Ga", ulioandikwa na mpiga ngoma wao, Roger Taylor. Ni wimbo wa kuililia redio, rafiki wa zamani anayesukumwa pembeni na picha. Ukifikiri vizuri inachekesha: aliyeuimba alizaliwa kisiwa ambacho baadaye kilitutangulia sisi wa bara kwa televisheni miaka ishirini, na sisi tuliokuwa tunausikia tulikuwa bado hatujapata hicho cha kuiua redio.

Nisifiche na lingine. Oktoba mwaka huohuo Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, wakati wanamuziki walikuwa wameombwa wasikanyage. Walilaumiwa sana, na walistahili. Stevie Wonder alipopokea Oscar Machi 1985 kwa "I Just Called to Say I Love You" aliipokea kwa jina la Nelson Mandela, na redio ya taifa ya makaburu ikapiga marufuku nyimbo zake. Napenda kuzipiga hizi mbili zikifuatana. Hakuna anayegundua, ila mimi najua.

Kuna Kiswahili kwenye nyimbo zile?

Kipo, cha kuokoteza. Lionel Richie kwenye "All Night Long", uliotoka 1983 na akauimba kufunga Olimpiki ya Los Angeles tarehe 12 Agosti 1984, ana sehemu katikati inayosikika kama Kiafrika. Ndani yake kuna "jambo". Yanayoizunguka ni maneno ya kubuni, hayana maana katika lugha yoyote. Wazee wetu walikaa wakibishana ni Kizulu au Kilingala. Sikasiriki. Yeye alibuni lugha yetu, sisi tukabuni yake, maana Kiingereza tulichokuwa tukiimba kwenye disko toto Mungu tu ndiye aliyekielewa.

Kisa kitamu zaidi ni cha usiku wa tarehe 28 Januari 1985, Los Angeles, walipokusanyika kurekodi "We Are the World" kuchangia njaa ya Ethiopia. Stevie Wonder akapendekeza waweke mstari wa Kiswahili. Mjadala ukaanza, saa zinakwenda, watu wamechoka. Waylon Jennings, mwimbaji wa kantri, akaona hayo si yake, akatoka. Mwishowe ikasemwa kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Nikisimulia hili kwenye shughuli, watu wa Tanga hucheka mpaka machozi, halafu mmoja wao husema kwa uchungu wa kweli: "Wangeliweka tu."

Miaka miwili baadaye, 1987, Michael Jackson alikuja kutimiza: "Liberian Girl" unafunguliwa na maneno ya mapenzi ya Kiswahili safi, yanasemwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Liberia nako Kiswahili hawazungumzi. Basi tena.

Ule wimbo wa Krismasi wa njaa unahusianaje na Afrika Mashariki?

Unahusiana kupitia mtu mmoja aliyeshika kamera. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzishia Dar es Salaam mwaka 1963. Picha za Korem, Ethiopia, zilizooneshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 na ripoti ya Michael Buerk, ndiye aliyezipiga. Bob Geldof, mwimbaji wa Ireland, alizitazama nyumbani kwake, akampigia simu mwanamuziki mwenzake Midge Ure, wakaandika "Do They Know It's Christmas?", na tarehe 25 Novemba wakawafungia wasanii wa Uingereza studio moja London wakaurekodi siku hiyohiyo. Ukakaa namba moja Uingereza wiki tano.

Maneno yake siyapendi. Yanauliza kama watu wa Afrika wanajua kuwa ni Krismasi, na Ethiopia ni nchi ya Wakristo tangu karne ya nne. Lakini fedha zilipatikana, na Mohamed Amin haulizwi kwa maneno ya wimbo. Kazi yake aliifanya. Alikufa Novemba 1996, ndani ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Wimbo huo ndio uliowazuia Wham! wasifike namba moja na "Last Christmas", nao wakatoa mapato yao kwa Ethiopia pia. Wham! walisubiri miaka 36. Januari 2021 ndipo wimbo ulipofika kileleni Uingereza, na mwimbaji wao George Michael alikuwa ameshafariki.

"Born in the U.S.A." si wimbo wa kuisifu Marekani?

Si wa kuisifu. Ni malalamiko ya askari aliyerudi Vietnam akakuta hana kazi. Kiitikio kinapigwa kama wimbo wa taifa, beti zinalia. Ronald Reagan naye alidanganyika au alijifanya kudanganyika: Septemba 1984, kwenye kampeni huko New Jersey, alimtaja Springsteen kama mtu wa kuwapa Wamarekani matumaini.

La pembeni: Springsteen hajawahi kufikisha namba moja wimbo anaouimba mwenyewe kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani. Mwaka 1984 "Dancing in the Dark" uliganda namba mbili, na mmoja wa waliokuwa wameukalia kichwani ni yuleyule Prince na wimbo wake usio na besi.

Rap ilikuwepo?

Ilikuwepo. Run-D.M.C. kutoka Queens, New York, walitoa albamu yao ya kwanza Machi 1984. Chaka Khan kwenye "I Feel for You" anafunguliwa na Melle Mel akirap jina lake, harmonika kapiga Stevie Wonder, na wimbo kaandika Prince. Sisi tulijua ni kanda imekwama inarudia.

Bob Marley alifariki 1981. Anaingiaje?

Kwa "Legend", mkusanyiko uliotoka Mei 1984. Watu wengi wanaosema wanampenda Marley wanampenda kupitia mkusanyiko huo, hata kama hawajui jina lake. Mwanamuziki marehemu aliyeuza kuliko wengi walio hai. Na kwa kuwa tunataja wafu: Marvin Gaye alipigwa risasi na baba yake tarehe 1 Aprili 1984, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45. Sisi Aprili ile hatukusikia habari zake. Tarehe 12 alifariki Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali pale Dakawa, na redio ikawa maombolezo matupu. Mjomba, yuleyule wa pipa la mchele, aliyekuwa ameishi mwaka mzima kwa kumwogopa Sokoine na ule msako wake, alikaa barazani akalia. Habari za Marvin tulizipata baada ya miezi, kwa kaka, kama mtu anavyokuletea salamu zilizochelewa.

Kwani nyumbani hakukuwa na muziki?

Ulikuwepo mwingi, na mkubwa. Mlimani Park, Juwata, Vijana Jazz, Maquis, Marijani Rajabu na Dar International, Remmy Ongala na Super Matimila. Na huu ni mji uliozaa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Black Star na Lucky Star za taarabu. Mama hakuwa na habari na Prince. Ila hizo zinahitaji mahali pake, siwezi kuzibana pembeni ya Wham! kama abiria wa kusimama.

Unaweza kupunguza "Careless Whisper" wa George Michael?

Siwezi. Nimejaribu. Saksafoni ile ikikosekana, wazee wanakuja wenyewe mezani kwangu.

Nianzie wapi kama sizijui?

Usianze na mikusanyiko ya "nyimbo bora za miaka ya 80", inapangwa na watu wasiocheza. Anza na "When Doves Cry", kwa spika mbovu ukiweza. Kisha Tina. Kisha "Smooth Operator" wa Sade, usiku, taa hafifu. Kisha "Time After Time" wa Cyndi Lauper. Kisha Billy Ocean, yule wa Trinidad, na "Caribbean Queen". Wimbo huu aliurekodi na kiitikio cha "European Queen" na kingine cha "African Queen", kila bara na malkia wake, maana mfanyabiashara hakosi akili. "Purple Rain" weka mwisho kabisa. Baada yake hakuna kitakachosikika.

Nina kanda za marehemu baba. Zinaokoleka?

Mara nyingi ndiyo, usizitupe. Usiiweke kwenye mashine ukabonyeza mara moja. Kwanza itazame dirishani: ukiona ukungu mweupe kwenye ukanda, itenge na nyingine. Kama ni safi, izungushe yote kwa penseli au kwa mashine, mbele hadi mwisho na kurudi, ili ukanda uliogandana uachane. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Kama kile kisponji kidogo kinachobana ukanda kimedondoka, sauti itakuwa hafifu. Nunua kanda yoyote yenye skrubu tano, ifungue, hamishia ukanda wa baba humo, funga. Inataka meza safi na feni iliyozimwa, nimeshapoteza upande mzima kwa ajili ya feni. Ikikubali kucheza, irekodi kwenye kompyuta mara hiyohiyo bila kusubiri siku nyingine, na usikate kitu.

Ya kwetu niliihamisha hivyo. Mwalimu wa Kiingereza yupo. Mjomba kasikika mara moja akisema mtu afunge mlango, kuku wanaingia. "Purple Rain" inafika dakika ya sita: tak.